Ukuta Wenye Ndevu

Juzi nilimtukana kijana nisiyemjua, hapa Himbi, mbele ya watu, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa ameinama kwenye ukuta wa mawe wa jirani yetu mpya, ana ndoo ya javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, na brashi ya waya, anasugua kwa nguvu zake zote. Harufu ya javeli juu ya jiwe lililolowa ilinifikia kabla sijamwona yeye. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Akanitazama tu, povu limejaa mikononi, akasema kwa upole, "Mama, njo kazi nilipewa. Banataka ukuta ukuwe mweusi." Nilirudi ndani nikakaa, nikagundua kuwa nimeshika shavu langu la kushoto.

Sisi wa Goma tunajenga kwa jiwe la volkano kwa sababu hatukupewa kingine. Ukichimba choo unakutana na jiwe, ukichimba kaburi unakutana na jiwe. Wenye uwezo huyaunganisha mawe kwa saruji na kupaka viungo rangi nyeupe. Sisi wengine tunayapanga makavu, moja juu ya jingine, na ukuta unasimama kwa uzito wake. Na juu ya mawe hayo, ukiyaacha, huota kitu ambacho shuleni walimu walituambia kinaitwa likeni. Kwenye avenyu yetu, yaani mtaani kwetu, kiliitwa ndevu.

Si jani wala si udongo. Huanza kama vumbi la kijivu lililosahaulika juu ya jiwe, halafu lile vumbi linashika, linavimba, linakuwa vichaka vidogo vigumu ambavyo vikiwa vikavu vinavunjika mkononi kama mkate uliokauka. Kwenye lava mpya ndicho kitu cha kwanza kufika, kabla ya jani lolote, kabla hata ya mjusi. Kinakwenda polepole mno. Kucha ya mtoto inakua haraka kuliko ndevu za jiwe. Kinapenda ukungu unaoshuka asubuhi kutoka mlimani na hakipendi vumbi wala moshi, ndiyo maana kuta za barabara kubwa ya Rutshuru, yanakopita malori, zina upara, na ukipanda kuelekea juu mawe yanazeeka vizuri, yote yana mvi. Hiyo ni aina ya kawaida. Kulikuwa na nyingine, nyuzi ndefu za rangi ya fedha zilizoning'inia kwenye kivuli cha jiwe, na hiyo huipati ovyo. Inataka kivuli, inataka ukungu, na zaidi ya yote inataka jiwe ambalo halijaguswa na mkono wa mtu kwa muda mrefu sana. Katika avenyu yetu nzima iliota kwenye ukuta mmoja tu, wetu. Tangu niwe mtu mzima naitafuta kila ninakokwenda, shingo imepinda kama mtu aliyedondosha sarafu, na nimeipata kwenye korongo moja huko Rusayo na kwenye kaburi moja la zamani. Basi.

Ukuta ule aliujenga Tate, yaani babu yangu mzaa baba, pamoja na baba yangu, mwaka baba alipooa, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Uliigawa parseli yake, yaani kiwanja chake, katikati: upande huu wa mwana mkubwa, upande ule wa mwana mdogo. Tate alikuwa fundi cherehani mwenye ndevu nyeupe zilizoshuka hadi kifuani, na aliposhona alizirusha begani ili sindano isizile. Siku mlima ulipopasuka na lava ikaingia mjini, alirudi dukani kuchukua cherehani yake. Hatukumwona tena, na hakukuwa na mwili wa kuzika. Watu wazima walisema mbele yangu, "Muzee alibakia mu mawe," kisha wakabadilisha mazungumzo.

Basi mimi nikatafuta ni mawe gani, nikampata. Zile nyuzi za fedha kwenye ukuta wetu zilikuwa ndevu zake, kabisa, rangi ile ile na ulaini ule ule. Sikuona ajabu wala sikuogopa. Nilimsalimia kila asubuhi kabla ya chai. Nilimchana kwa kidole. Wakati wa kiangazi, nyuzi zilipokauka na kujikunja, nilimmwagia maji kidogo kutoka kwenye bidoni, na Mama akanigombeza kwa kupoteza maji yaliyobebwa mgongoni kutoka ziwani.

Baba naye alikufa baadaye, kwenye barabara ya Rutshuru. Basi dogo alilopanda lilipigwa risasi na watu ambao mpaka leo hawana jina. Yeye aliletwa akiwa amefungwa ndani ya turubai la plastiki, na tulimzika. Kilio hakijavunjwa vizuri, Papa mudogo, yaani mdogo wake baba aliyekaa upande wa pili wa ukuta, akaanza kuja kwetu akiwa amelewa. Aling'oa mlango wetu na kuutupa barabarani. Alipiga teke sufuria ya maharagwe ikiwa juu ya moto. Alikuwa na sura ya baba yangu, pua ile, paji lile, na kumwona baba yangu akipiga sufuria teke kulinitia kichaa. "Hakuna kugawa kulikuwaka hapa," alipiga kelele. "Parseli ni moja! Rudi kwenu Butembo, we mwanamuke!"

Karatasi za parseli hazikuwepo. Zilikuwa zimeungua dukani kwa Tate, na karatasi za watu wengi ziliungua siku ile ile. Ndiyo maana kwenye avenyu yetu watu walikubaliana na kitu kimoja tu: ukuta wenye ndevu hauulizwi. Kama mawe yana ndevu, mpaka ni wa wazee, na hakuna wa kuusogeza. Kama mawe ni meusi na safi, ukuta ni wa jana, aliyeujenga ni mwizi, na unabomolewa.

Mnaona wenyewe kilichofuata. Msimu ule kukaingia ugonjwa wa kunyoa kuta. Mjane mmoja wa avenyu ya chini alitoka asubuhi akakuta ukuta wake una upara, na baada ya muda mfupi alikuwa analala kanisani na watoto wake. Vijana wakakasirika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mama, na kila mama alikuwa na ukuta. Walisimama kwenye kituo cha motari, yaani cha pikipiki za abiria, wakaapa kwa sauti, tukasikia sote: "Mutu wa kwanza tutamukamata ananyoa ukuta, tutamuonyesha moto!" Mimi niliposikia moto nilifikiri wanasema mlima.

Mama aliwahi kwa shefu wa avenyu kabla ya Papa mudogo. Shefu alikuwa mzee aliyeendesha malori ya Bunagana mpaka mguu mmoja ukagoma kukunjika, mtu wa maneno machache. Akasema atakuja kuangalia ukuta mwenyewe, kesho yake, jua likishasimama. Nyumba yetu yote, chumba chetu kile cha mbao na jiko na mahali pa kulala, ilikuwa inaning'inia kwenye zile nyuzi. Mimi nilielewa tu kwamba mgeni mkubwa anakuja kumtazama Tate. Jioni ile nilimwambia Tate ajikaze.

Asubuhi Mama alikwenda kwenye shimo la mawe mwisho wa avenyu, alikokuwa akivunja kokoto na wanawake wenzake. Mara Papa mudogo akatokea na ndoo ya javeli, brashi ya waya na panga. Alianza upande wake, akarukia upande wetu. Alikwangua kwanza kwa panga, tii, tii, halafu akamwaga javeli, halafu akasugua. Nyuzi za fedha zilianguka kwenye povu zikawa rangi ya chai.

"Papa mudogo, unafanya nini?"

"Ninasafisha. Enda kucheza."

Na mimi, mjinga wa Mungu, nikafurahi. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja, na mgeni akija mzee ananyolewa. Kila Noeli baba yangu alikuwa akimketisha Tate kwenye kiti nje na kumpunguza ndevu kwa mkasi wa cherehani, huku Tate akilalamika. Niliona Papa mudogo hatimaye amefanya jambo la heshima, jambo la baba. Nikatoka mbio kumpelekea Mama habari njema. Nilipita avenyu yote nikipiga kelele kwa furaha: "Papa mudogo anamunyoa Tate! Papa mudogo anamunyoa Tate ku ukuta!"

Wanawake waliokuwa wakisuka nywele mlangoni walicheka. Halafu mmoja akaacha kucheka. Kwenye kituo cha motari kijana mmoja akauliza, "Amesema ku ukuta?" Nikamjibu ndiyo, kwa fahari, nikaendelea kukimbia.

Mama alinisikia kabla sijafika. Alisimama, vipande vya mawe vikamwagika kutoka kwenye kitenge chake, akaondoka na nyundo mkononi kwa mwendo ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu yeyote.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kumwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga. Alipofika nyumbani aliinua nyundo bila salamu akampiga shemeji yake begani, na mfupa ukalia. Papa mudogo akageuka na kumpiga mdomoni kwa mpini wa brashi. Wakaanguka pamoja kwenye povu. Walipigana bila sauti, hilo ndilo lililonitisha, nilisikia pumzi tu na visigino vikikwaruza mawe. Mama alimng'ata sikio. Yeye akamshika nywele na kukipiga kichwa chake ukutani, mara moja, mara nyingine. Panga lilikuwa limeegemezwa pale pale, na wote wawili wakaliona kwa wakati mmoja. Nashukuru mpaka leo kwamba hakuna aliyenyoosha mkono. Mama alitema jino, akajifuta, na kwenye jiwe ambako ndevu za Tate zilikuwa pakabaki damu yake.

Ndipo vijana wakaingia. Wengine walipita mlangoni, wengine juu ya ukuta. Walimng'oa Papa mudogo kutoka kwa Mama wakamburuta kwa shati mpaka barabarani, wakampiga kwa mateke, kwa mawe, kwa mshipi. Wanawake walewale wa kusuka nywele walikuwa mbele kabisa. Mtu ambaye kila Jumapili aliimba karibu nasi kanisani alimponda vidole kwa kisigino. "Munyozi! Mwizi wa parseli!" Papa mudogo alilia jina la mama yake.

Kijana mmoja akaja akisukuma tairi. Nilipoliona nikatulia. Nilijua ugomvi umekwisha, sasa tutacheza, kwa sababu sisi watoto tairi tulilijua kwa kazi moja tu, kusukuma kwa kijiti ukishindana na wenzako. Wakamvisha shingoni. Alionekana kichekesho, kichwa kimetokeza katikati, macho makubwa, na mimi nilicheka. Kweli nilicheka. "Esansi iko wapi?" mtu aliulizia petroli. Mwingine akajibu kwamba mtu wa motari analeta.

Shefu alifika akivuta ule mguu. Sauti yake ilikuwa ndogo kati ya zile sauti. "Mungoje! Mungoje kwanza! Nani aliona kwa macho yake?"

"Mutoto njo aliona! Mutoto wa hapa!"

Wakanipisha. Nilisukumwa mbele mpaka miguuni mwa shefu, karibu na Papa mudogo, ambaye alinitazama kwa ile sura ya baba yangu, damu ikimtoka puani. Chupa ya plastiki yenye esansi ilikuwa inapita mikononi mwa watu kuja kwetu. Shefu akainama kadiri mguu ulivyomruhusu.

"Binti, usiogope. Nani alinyoa huu ukuta?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na furaha ya kuulizwa na mtu mkubwa mbele ya watu wote. Sikuwahi kulitoa. Kofi la Mama lilitua kwenye shavu langu la kushoto kwa nguvu kiasi kwamba nilianguka chini, na sikio likaimba siku nzima. Hakuwa amenipiga kabla ya hapo. Hakunipiga tena baada ya hapo.

"Mutoto ni mwongo!" alisema, na damu ikimtiririka kidevuni. "Njo mimi nilinyoa. Nilichoka na ule uchafu, nilitaka kupaka chokaa. Shemeji alikuja kunikataza, nikamupiga nyundo. Muangalie bega yake. Njo mimi nilianza."

Nilikuwa chini, nikaona miguu tu, viatu, malapa, na chupa ile imesimama hewani.

"Mama," shefu alisema polepole, "unajua kile unasema?"

"Ninajua."

"Kama mwenye ukuta ananyoa ukuta wake, ukuta haina tena neno. Parseli inakuwa moja. Unatoka."

"Ninajua, shefu."

Shefu aliangalia mikono ya Papa mudogo, iliyobabuka kwa javeli. Aliangalia mikono ya Mama, iliyojaa vumbi la kokoto. Alijua, na wote waliokuwa karibu walijua. Lakini aliyeibiwa akikataa kuwa ameibiwa, utamchoma nani? Wakamvua lile tairi kwa hasira, kama watu walionyang'anywa chakula, na hasira ile wakampa Mama. Walimtemea mate. Jiwe moja lilimpata mgongoni. Mwanamke mmoja alimwambia, "Unatufanya bajinga." Mama akaniokota, akaniweka kiunoni, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa, akaingia ndani kufunga vitu.

Msifikiri Papa mudogo alitubu. Alikaa chini pale barabarani, suruali imelowa, hakusema asante wala pole. Bega lilipopona alibomoa ukuta hadi kiunoni akaiuza nusu yetu. Nimepita pale mwaka huu. Mawe yaliyobaki yameota tena ile mvi ya kawaida, nzuri, nene. Nyuzi za fedha hazikurudi.

Sisi tulihamia chumba cha kupanga Ndosho, na mimi nilimchukia mama yangu. Sitalipunguza neno hilo. Alikuwa amesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ndevu za Tate ni uchafu. Alikuwa ameniita mwongo nikiwa sijasema kitu. Nilikataa mkono wake barabarani. Nilikula nikimpa mgongo. Hakujieleza hata mara moja, na mimi nilikua na chuki ile ndani yangu kama jiwe kwenye kiatu, mpaka nikaizoea.

Nilikuwa msichana wa sekondari siku nilipokuta kundi la watu kwenye njia panda, nikitoka shule. Niliona tairi. Niliona chupa. Safari hii hakuna aliyechelewa na hakuna aliyeuliza nani aliona. Sitaeleza. Waliowahi kuona wanajua, na wengine Mungu awaepushe. Nilisimama pale nikitafuta kwa macho, kwa kweli nilitafuta, mwanamke yeyote wa kutoka kwenye kundi na kumpiga mtoto wake kofi.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikuwa ameketi chini, anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, ile siku ya ukuta. Lile tairi."

"Mm."

"Ulijua watatufukuza?"

"Nilijua."

"Na alikuwa amekuvunja jino!"

"Meno niko nayo ingine."

Nikaanza kulia, na kilio kikageuka hasira, kwa sababu nilikuwa nimebeba hasira miaka yote hiyo na sasa sikujua pa kuitua. Nilimpigia kelele mama yangu kama nilivyompigia juzi yule kijana wa brashi. "Hakustahili, Mama! Yule mutu hakustahili!"

"Nani alisema alistahili?" Alipata kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa mlangoni. "Tate alizaa wawili tu, mutoto wangu. Mumoja nilikuwa nimeshazika."